Siku Niliyojipunguzia Miaka

Wewe unayenisikiliza, umeshaona wapi bibi mwenye wajukuu kumi na mmoja anajipaka piko kichwani asubuhi asubuhi ili aonekane kijana? Basi ndiye mimi. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti wa kitongoji alipita kutangaza kwamba wazee wote twende ofisi ya kata, Nyakahura, tukaandikwe, maana kuna sheria ya wazee inakuja. Sheria gani, hakueleza vizuri. Alikuwa na haraka, na mbwa wangu hampendi. Nilichosikia mimi ni kwamba ndani yake kuna habari ya makao ya kutunzia wazee.

Sasa huku kwetu tunajua kitu kimoja: ng'ombe wakishahesabiwa, wanahamishwa. Wanakuja watu na daftari, haipiti muda unaambiwa toa mifugo porini. Nikajiuliza, na sisi tukishahesabiwa je? Nikamkimbilia jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mambo ya kuhamishwa anayajua kuliko mimi. Akaniambia, mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao, hao wanakuja kutubeba. Yeye alishaamua kusema ana miaka arobaini na tisa.

Nyumba yangu tuliijenga mimi na marehemu mume wangu, na yeye amelala pale nyuma kwenye migomba. Nikipelekwa makao nikakae na watu nisiowajua, nani atampalilia? Ndipo nikaagiza piko sokoni.

Siku ikafika. Mwanangu wa kwanza akanipeleka kwa pikipiki, nikashuka nimenyoosha mgongo mpaka unauma. Afisa ustawi wa jamii alikuwa binti mdogo mwenye adabu, shikamoo aliitoa kwa kila mtu, mmoja mmoja. Akafika kwangu, akaniuliza miaka. Nikamjibu hamsini na mbili, wala sikupepesa macho. Mwanangu amekaa pembeni yangu na mvi zake, binti akadhani naye amekuja kuandikwa, akamuuliza na yeye. Huyo mjinga akasema ukweli, hamsini na sita.

Binti akaangalia daftari, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo mama, huyu ndiye aliyekuzaa?"

Watu walicheka, wengine wakashika mbavu. Jirani yangu ndiye aliyecheka kuliko wote, akasahau kwamba zamu yake inakuja.

Nikaona yameshaharibika, bora niulize. Nikasimama. "Mjukuu wangu, mnatuandika ili mtuhamishe?"

Watu wote wakamgeukia binti. Kumbe kila mtu alikuja na swali hilo hilo, amelificha.

Binti akafunga daftari, akatueleza taratibu. Hakuna anayehamishwa. Sheria yenyewe bado haijapita, ndiyo kwanza wanakusanya maoni yetu. Wanachotaka ni mzee wa miaka sitini kwenda juu atibiwe bila kuhangaishwa, na mtu asiuze shamba la mzee bila mwenyewe kujua. Makao ni ya yule asiye na mtu kabisa, tena mpaka akubali.

Nikamwambia basi hapo hapo andika, maoni yangu haya: mzee asitolewe kwake mpaka atamke kwa mdomo wake kwamba amekubali. Akaandika. Na miaka yangu nikairudisha yote, sabini na nne, sikubakiza hata mmoja. Jirani yangu akasema sabini kabla hajaulizwa.

Nilirudi nyumbani naimba. Mjukuu wangu wa kike ninayeishi naye, yuko kidato cha tatu, akanisomea karatasi tuliyopewa, maana mimi kisomo changu kiliishia kwenye kuandika jina. Imesema maoni yetu yatapelekwa juu. Nikamuuliza, huko juu ni mbali, maneno ya bibi wa Nyakahura yakidondoka njiani je?

Akaikunja ile karatasi, akaniangalia usoni. "Bibi, sheria ikitoka nitakusomea yote hapa hapa mlangoni kwako, Kiswahili kwanza halafu Kisubi chetu. Na kama maneno yako hayamo, nitakwenda mwenyewe kuwauliza wameyaweka wapi."