Kanga za Bibi na Swali la Daktari

Usiku ule nililala na fomu ya hospitali chini ya mto, kana kwamba sehemu zilizobaki zingejijaza zenyewe. Kizazi kilikuwa kimejaa uvimbe na lazima kitolewe; hilo nilikwishalikubali. Kilichoninyima raha ni ovari. Daktari alisema tunaweza kuziacha, au kuzitoa palepale, ila zikitolewa nitakoma hedhi siku hiyohiyo, na miaka yangu arobaini na mbili, halafu nianze vidonge vya homoni. Akauliza kama ukoo wetu una saratani ya ovari. Nikaandika hakuna, maana Bibi mzaa mama alikufa kwa tumbo tu. Ziachwe, nikasema. Mimi na vidonge wapi na wapi!

Basi nageuka huku, nageuka kule. Usingizi ulipokuja ukanitupa jikoni kwa Bibi, amekalia mbuzi, anakuna nazi, kama hajawahi kufa. Nikamwamkia, akazidi kukuna. Amejifunga kanga juu ya kanga, kama mwaka wake wa mwisho, tulipokuwa tukimtania kwamba amenona. Kumbe mikono yake ilikuwa imekonda hivi, na sisi tunacheka.

Mara jikoni si jikoni tena, ni chumba cha daktari, na Bibi yuko kwenye kiti changu. Anafungua kanga moja, anaikunja, ananipa. Nyingine. Nyingine tena. Mikono imenijaa, bado ananiongezea, nami namsihi aache, maana naogopa, naogopa kweli. Ya mwisho ikaanguka. Tumbo limevimba, ngozi inang'aa, tumbo la mimba ya miezi tisa kwa mwanamke wa miaka sitini.

"Hawakusema," akaniambia. "Wewe sema."

Nikaamka nimelowa jasho, kumeshakucha. Kabla hata ya kunawa uso nikampigia Mama, nikamwuliza Bibi alikufa kwa ugonjwa gani hasa, asiniambie tumbo.

"Saratani ya ovari. Babu yako alitukataza kuitaja," akasema. "Ya huko chini hayatajwi msibani. Nani amekwambia?"

"Mwenyewe."

Akaanza kulia. Sikumnyamazisha. Niliivuta ile fomu chini ya mto, nikalikata neno hakuna, nikaandika juu yake: Bibi.