Chupa ya Makaa Iliyolala Wazi

Saa moja na nusu asubuhi, Nomasonto Skosana ananusa viganja vyake kabla ya kugusa mizani. Vinanuka samaki aliyeoza. Ni harufu ya kiyeyushi, kimiminika cha kuyeyushia makaa, na kwa miaka kumi na tisa haijamtoka. Mumewe humtania kwamba alioa soko zima la samaki. Leo utani huo haumchekeshi hata kidogo.

Katika maabara hii ya eMalahleni, Afrika Kusini, kazi ya mama huyu wa miaka 46 ni kuloweka unga wa makaa ya mawe kwenye dawa, kuuosha, kuukausha, kisha kuutia kwenye kiyeyushi aone ni kiasi gani kitayeyuka. Makaa mabichi ni makaidi: katika gramu mia, kumi na mbili tu ndizo hukubali kuyeyuka. Yakipata dawa, hufika sitini na mbili.

Jaribio la wiki iliyopita lilitoa thelathini na nane.

Mkuu wake, Dakta Rampedi, aliamini dawa imeshindwa. Ijumaa wafadhili wanakuja kuamua kama kazi iendelee, naye akaanza kuandika ripoti kwamba isiendelee. Watu saba wangekosa ajira.

Nomasonto peke yake ndiye aliyejua kilichotokea. Jioni ya kabla ya jaribio, kliniki ilimpigia simu kuwa binti yake ameshikwa na uchungu wa kuzaa, akatoka mbio, chupa ya unga ikalala wazi. Unga wa makaa ukipigwa na hewa usiku kucha huharibika, na kwa macho unabaki mweusi ule ule.

"Nilipiga hesabu mara nyingi," anasema. "Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikisema, nimejichongea. Nikinyamaza, wenzangu sita wanafukuzwa kwa kosa langu."

Juzi alijitosa, akasema. Dakta alivua miwani.

"Mama Skosana, mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa, Dakta."

Akaambiwa arudie kwa unga wa chupa iliyofungwa. Sasa karatasi ya kuchujia imetoka kwenye oveni na masalia yasiyoyeyuka. Anapima, anakokotoa, anakokotoa tena.

Sitini na moja.

Dakta anachungulia begani kwake, kisha anachana ukurasa wa ripoti. Kuhusu mkataba, Nomasonto hathubutu kuuliza.

"Ijumaa natamani waniite mimi nifungue hiyo chupa mbele ya wageni," anasema, akikaza kifuniko cha chupa ya unga kwa mara ya tatu. "Na waone ninavyoifunga."