Mlango Unaotazama Khori

Mwenye nyumba tuliyopanga mjini Sur alipotaka kumwozesha mwanawe, ilibidi tuhame, na nyumba yetu wenyewe ilikuwa bado mistari ya chokaa iliyochorwa kiwanjani. Nilikwisha kuulizia fleti Al Kamil, mbali na mafundi, pale mke wangu aliponikumbusha lanchi ya kaka yake. Ilikuwa ya mbao, na chumba kimoja nyuma, imetia nanga katikati ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, tangu shemegi alipoacha kuvua. Mke wangu akasema tukae humo mpaka nyumba iishe, kama mtu anayesema tuhamie chumba cha pili.

Sijapata kuona mtu akitengeneza maskani ndani ya nafasi ndogo vile. Jiko la gesi alilisimamisha ndani ya sanduku la mchanga, lisihame boti zikipita na kututikisa. Vyombo aliviosha kwa maji ya bahari, akavisuuza kwa maji matamu kidogo ya dumu. Vitunguu vilining'inia kikapuni, khanga zake zilikaa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na msahafu juu ya vyote. Mimi, niliyemaliza sekondari na kuzeekea ofisini, nilijigonga kichwa kwenye boriti ileile kila asubuhi. Siku moja nikakuta ameifunga kitambaa chekundu.

Ana pumu, na kiyoyozi humbana kifua. Lakini mle ndani alilala kailula kila adhuhuri bila ya kuitafuta dawa yake ya kuvuta. Ndipo alipoanza kuangalia upepo unaomsaidia unatoka wapi. Chombo kilichotia nanga hugeuka: maji yanapojaa au kutoka hufuata maji, ila yakisimama huelekeza uso kule upepo unakotoka. Mimi niliona tunazunguka tu. Yeye alishika ni wakati gani wa kuamini kwamba lanchi inaonesha upepo.

Alasiri moja alinishika mkono mpaka mbele ya lanchi.

"Bwana, tazama. Joto likizidi na maji yakisimama, tunatazama pale, kwenye ule mtende ulio peke yake. Mlango wetu na madirisha makubwa yawe upande huo. Nataka nyumba nitakayoweza kupumua ndani yake."

Upande huo ulikuwa nyuma ya kiwanja, kunakoelekea khori. Barabara ilikuwa mbele. Hata hivyo nilimkubalia.

Wiki hiyo dada yangu akaja kutoka Nizwa na tende na halua. Akapanda lanchi kwa kushikwa huku na huku, na alipopata pumzi akamwambia wifi yake kwamba amemgeuza kaka yake pweza. Mke wangu akamjibu kuwa pweza ana mikono minane, na kaka yako huyu hata miwili hajui kuitumia. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kisha dada akasikia habari ya mlango.

"Mgeni azunguke nyumba kama mwizi? Watasema hawa wa Unguja hawajui hata majlis ya wageni inakaa wapi."

Neno hilo lilinichoma. Sisi tuliorudi kutoka Unguja kwenye nchi hii ya babu zetu tumezeeka tukiwaonesha watu kuwa sisi ni wa hapa. Kesho yake nikamwambia fundi mlango utazame barabara, majlis iwe kubwa, na ukuta wa upande wa khori usiwe na tundu, nipate pa kuweka kabati la vioo. Mke wangu nilimwambia kiyoyozi kitatosha. Alinitazama kidogo, akaendelea kuchambua mchele.

Tulihamia nyumba yetu wakati wa joto. Wageni waliisifu majlis, mke wangu naye alikohoa ndani. Adhuhuri moja nikaamka kutoka kailula, hayupo. Nikajua alipo. Nikamwomba mvuvi anivushe.

Alikuwa amelala palepale pake, mdomo umefumba, pumzi haisikiki. Nilikaa karibu na miguu yake. Maji yaliposimama, lanchi ikageuka polepole mpaka mtende ukatokea mbele yetu. Akafumbua macho.

"Umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja kukuuliza nivunje wapi."

"Ule ukuta wa kabati lako," akasema. Alikuwa na jibu siku nyingi.

Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mlango ukatobolewa pale, na madirisha mawili ubavuni mwake. Mke wangu sasa hulala nyumbani. Lakini joto lile la kwanza alilipitisha kwa kukohoa, na hilo sina fundi wa kulibomoa.

Siku ya Idi dada alikuja, akazunguka nyumba huku akiguna, akaingia kwa nyuma. Akakaa kwenye mkeka mbele ya mlango, akaanza kutueleza habari ya harusi moja ya Nizwa. Hakuimaliza. Upepo ulimlaza na kikombe cha kahawa mkononi. Mke wangu akakichukua taratibu, kisicheze, akamwekea wifi yake mto chini ya kichwa.