Uwanja Usio na Filimbi

Katika miaka ile ya mwisho ya sitini, mtu aliyepita Bwera Jumamosi alasiri akielekea mpaka wa Uganda na Kongo aliweza kuona jambo lililomfanya asimamishe baiskeli yake. Katika uwanja wa shule, chini ya mteremko wa migomba na kahawa, watoto walikuwa wakicheza mpira kwa makelele. Kisha, bila mtu kutoa sauti, mmoja aliinua mkono, wa pili akamwona akainua wake, na wa tatu vivyo hivyo, hata uwanja mzima ukawa kimya, mikono juu, mpira ukibingirika peke yake kuelekea mtaroni. Wengi walidhani watoto wanasali. Mwalimu Yonasani Mugenyi, aliyewafundisha hivyo, hakuwa na nafasi ya kumweleza mtu, kwa kuwa katika kimya hicho alikuwa akiwahesabu.

Alikuwa na hofu ya asili, kama wengine walivyo na kikohozi. Alizaliwa Muhokya, kule tambarare, katika nyumba ya wachungaji wa ng'ombe, akasomeshwa na wamisionari, na kwao akajifunza mpira, Kiswahili cha vitabuni na desturi ya kuomba radhi kabla hajakosa. Alipopelekwa kufundisha Bwera alikuwa kijana mwenye suruali moja nzuri, mgeni kutoka tambarare, katika wakati ambapo watu wa milimani walikuwa wameuasi utawala wa watu wa tambarare. Wenyeji walimsalimu kwa heshima na kumtazama kwa pembeni. Hakuwalaumu.

Alipoomba watoto waruhusiwe kucheza Jumamosi, alikuja mama mmoja aitwaye Kaswera, muuza unga wa muhogo sokoni, kusema kwa niaba ya wenzake. Alikataa kiti. Akiwa amesimama mlangoni alimweleza kwamba katika miezi ya machafuko askari wa msako walikuwa wakizingira vijiji alfajiri, wakiitana kwa filimbi. Ndipo kina mama walipowafunza watoto wao: ukisikia filimbi, mshike mdogo wako mkono, panda mlima, usigeuke nyuma. Somo hilo watoto walilishika kuliko hesabu na kusoma. Basi, ikiwa mwalimu anawataka watoto, filimbi isilie kamwe katika uwanja wake. Yonasani aliahidi papo hapo, akafurahi kupata jambo alilokuwa na uwezo wa kulitimiza.

Watoto waliongezeka, hata macho yake mawili yakawa hayatoshi. Ndipo alipotafuta watu wazima wa kujitolea, akawafundisha ukocha kila Jumamosi asubuhi. Wa kwanza alikuwa Loyi, fundi cherehani, aliyecheza netiboli alipokuwa msichana wa bweni. Wa pili alikuwa Xavier Kataliko, Mkatoliki wa Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka na marobota ya vitenge, na ambaye hakuweza kuona mpira bila kuuendea. Walishangaa kuona masomo ya kwanza hayagusi mpira. Yonasani aliwafundisha kuukagua uwanja kabla ya watoto kufika na kuokota miiba na vigae. Kuwagawa watoto kwa kimo, si kwa ukoo. Kumjua kila mmoja kwa jina. Kutomwinulia mtoto fimbo hata akikosa nini. Na kuusimamisha mchezo kwa mkono.

Wa tatu alikuja mwenyewe, na kuja kwake kulimkosesha Yonasani usingizi. Alikuwa Koplo Omara, askari kutoka kaskazini, aliyeishi kambini na mkewe na wanawe. Wanawe walikosa wa kucheza nao, akaona heri awalete kwa mguu wake mwenyewe. Siku ya kwanza aliwapanga watoto mistari akaamuru wageuke kulia, wakaganda, wengine machozi yakiwalengalenga. Yonasani alimvuta kando akamwambia, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba hapa hakuna gwaride.

"Sasa mimi itasema namna gani, mwalimu?" Omara aliuliza. "Hii mdomo ni ya jeshi tu."

Loyi alimjibu kwamba mdomo unaomwomba mkewe chakula unaweza pia kumwita mtoto. Omara alicheka mpaka akashika magoti. Tangu siku hiyo alijifunza kusema polepole, wala hakuja tena na sare.

Mwaka uliofuata, afisa wa michezo aliyekaa Kasese, Bwana Okot, alitangaza kwamba atakuja kuwatazama makocha hao wakifanya kazi. Wakifaulu, wangepewa beji, na watoto wao wangeruhusiwa kwenda Kasese kwenye mashindano ya likizo. Watoto walikuwa wakiizungumza Kasese kama watu wazima wanavyozungumza mavuno. Reli iliishia huko, na hakuna aliyekuwa amewahi kuliona garimoshi.

Bwana Okot aliwasili asubuhi kwa Landrova, akatoa kwa furaha kisanduku alichokiagiza kwa ajili yao. Ndani yake mlikuwa na filimbi mpya, moja kwa kila kocha. Alitazamia shukrani. Badala yake aliona nyuso nne zikiitazama zawadi yake kama watu wanaotazama nyoka ndani ya kikapu.

"Bwana, apa batoto banakimbia ile kitu," Kataliko alisema taratibu.

Yonasani alieleza habari yote, akiomba radhi kila baada ya sentensi. Okot hakucheka wala hakukasirika. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga kisanduku.

"Mwalimu Mugenyi, Kasese kutakuwa na refa, na refa atapuliza. Uwanja uko kando ya barabara ya malori, na reli iko ng'ambo. Watoto wako watakimbilia mlima gani?"

Kwa miaka yote hiyo Yonasani alikuwa ameilinda ahadi yake, akadhani amewalinda watoto. Hakuwahi kuwaza siku watakapotoka katika uwanja wake. Okot alisema, kwa upole uliozidi kumtia baridi, kwamba angengoja hadi alasiri. Ikiwa hapatakuwa na kocha anayeweza kuusimamisha mchezo kwa filimbi watoto wakabaki uwanjani, yeye hangethubutu kuwachukua.

Njia ya kwenda sokoni ni fupi, lakini siku hiyo Yonasani aliona kama inarudi nyuma. Alimkuta Kaswera akipima unga. Alijaribu kuanza kwa salamu ndefu; mama akamkatiza.

"Umekuja kuvunja neno yako, Mwalimu."

"Nimekuja kukuomba, Mama. Ukikataa, haitapulizwa."

Alimweleza juu ya Kasese, malori na reli. Kaswera aliendelea kupima, akammalizia mteja wake, akafunga gunia. Kisha akauliza nani angepuliza. Yonasani alijibu kwamba amemfikiria Loyi, mwanamke, mpole, mtoto wa hapa.

"Hapana. Akipuliza Loyi, batazoea ya Loyi tu. Apulize ule askari. Sisi tutakaa pale njia inapanda mlima."

Omara alipoambiwa alikataa kabisa. Alikaa kwenye jiwe la mpaka wa uwanja, akaichezea filimbi kama kitu cha moto.

"Hii watoto imesahau mimi ni nani, mwalimu. Sasa unataka mimi ikumbushe?"

Yonasani alimwambia tu kwamba yeye mwenyewe anaogopa, tena sana, na kwamba hajui kama wanafanya vema. Huenda hilo ndilo lililomwinua Omara kutoka kwenye jiwe.

Alasiri kina mama walikuja na vitambaa vya kichwa vya Jumapili, wakakaa chini katika njia ya mlimani, miguu wameinyoosha mbele. Watoto waliwaona wakadhani wamekuja kutazama. Omara aliwakusanya, akawaonyesha filimbi, akawaambia kwamba ataipuliza yeye, na kwamba hakuna mtu atakayekuja. Walimwitikia ndiyo, kama watoto wanavyoitikia kila kitu. Mchezo ukaanza. Omara aliiweka filimbi mdomoni, akaitoa, akaiweka tena. Akapuliza.

Hapakuwa na kelele. Hilo ndilo Yonasani alilolikumbuka katika uzee wake: walikimbia bila kelele, kila mkubwa amemshika mdogo mkono, kwa ustadi ambao hakuna kocha aliyewafundisha. Walikwenda moja kwa moja kwenye njia ya mlima, wakawakuta mama zao wamekaa. Kina mama hawakuinuka. Mmoja alikuwa akila muwa. Watoto walisimama, wakihema, wakiwatazama wao na kutazama mlima, wasijue somo lipi walishike.

Lakini Masika, binti wa Kaswera mwenyewe, hakupita njiani. Alikatiza kwenye mtaro, amemshika mvulana mdogo mkono, wakazama kwenye migomba wakielekea juu. Kaswera aliinuka akafuata, akitembea, akiita jina lake bila kupaza sauti ili asimkimbize zaidi. Omara alitaka kufuata, akagundua kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho anayefaa, akasimama pale pale huku filimbi ikining'inia. Yonasani aliwahesabu waliobaki, akawahesabu tena, kana kwamba hesabu ingebadilika. Okot alikaa ndani ya Landrova, mlango wazi. Jua lilikuwa limegusa milima ya Kongo Kaswera alipoteremka, watoto wawili wakiwa mbele yake.

"Jumamosi nitamuleta tena," alimwambia Yonasani. "Lakini wewe usiniahidi kitu ingine, Mwalimu. Ahadi yako inaniogopesha kuliko filimbi."

Beji hazikutolewa siku hiyo. Okot aliacha kisanduku, akasema atarudi. Kila Jumamosi kina mama walikaa njiani, Omara akapuliza, na kila Jumamosi waliokimbia wakapungua, hata ikafika siku Masika alisimama katikati ya uwanja, akasubiri. Okot aliporudi aliliona hilo, akawabandika makocha beji vifuani bila hotuba.

Likizo ilipofika walikwenda Kasese kwa lori, kina mama nao wakiwa wamebanwa kati ya watoto. Garimoshi lilikuwepo, likatazamwa vya kutosha. Kisha watoto wa Bwera wakaingia uwanjani, na Yonasani akasimama kwenye mstari asiuone mpira wala wapinzani. Aliitazama miguu ya Masika tu, na barabara iliyokuwa nyuma yake, na vumbi la malori.

Refa, mtu mnene aliyeipenda kazi yake, akapuliza filimbi kwa nguvu zote.

Watoto walisimama. Masika aligeuka kumtazama refa, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kusema. Hakuna aliyekimbia, isipokuwa mwalimu wao, aliyekuwa tayari katikati ya uwanja, mikono ameitandaza kuwazuia, kiatu kimoja kimebaki kwenye mstari.

"Mwalimu," Omara alimwita, akicheka kwa uchungu wa furaha, "toka huko. Ni wewe tu umekimbia."

Refa alimfukuza, watu wakashangilia, na watoto wa Bwera wakacheka kuliko wote. Alirudi akichechemea hadi kwa kina mama, akakaa chini kwenye vumbi karibu na Kaswera, akaomba radhi. Timu yake ilifungwa vibaya siku hiyo, naye aliutazama mchezo mzima, kwa mara ya kwanza, bila kumhesabu mtu.