Panga la Mtu wa Upande wa Pili

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Fundi Njia alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akanoa mapanga mawili. La kwanza lilikuwa la kazi. La pili, lenye mpini uliozungushiwa waya wa shaba, halikuwa lake, na mwaka mzima halikukata hata jani. Alilinoa tu, akalijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wa kushoto, ndiyo maana mkono ule ulikuwa laini kama wa mtoto, akalipaka mafuta na kulirudisha uvunguni mwa kitanda.

"Mwanamume mzima unamnolea mwanamume mwenzio panga," mke wake alikuwa akimwambia akipita na ndoo. "Kisu changu cha jikoni hakikati hata nyanya."

"Kilete basi."

"Nilishakileta juzi. Umekikalia."

Na kweli, alipoinua paja alikikuta pale.

Kazi yake ilikuwa kufyeka. Mpaka wa nchi yake na nchi jirani unapita juu ya milima, kutoka kilele hadi kilele, na kila kilele kina nguzo ya saruji inayomfika mtu kiunoni. Njia ya kufika huko haipo. Ukifyeka leo, mvua za msimu mmoja zinafunga kila kitu: mianzi, miiba, upupu wa kukufanya ujikune hadi uwasahau wazazi wako. Kwa hiyo kila kiangazi ofisi ya mipaka ilikuwa inaajiri wafyekaji wapande, wafungue njia upya na kuzipaka nguzo rangi nyeupe. Upande wa pili nao walikuwa wanapanda na watu wao. Na kwa kuwa wakubwa wa nchi hizi hawaaminiani hata kwa salamu, ilikubaliwa kwamba hakuna anayeigusa nguzo peke yake. Anayetangulia anasubiri. Wote wakishafika, kila upande unapaka nusu yake.

Hayo ni ya ofisi. Ya wafyekaji wenyewe yalikuwa mengine. Kwenye kilele cha mwisho, kile kirefu kisichoonekana kwa ukungu, viongozi wa pande mbili walikuwa wanabadilishana mapanga. Langu nenda nalo, lako nipe, tutaonana kiangazi kijacho. Mtu mwenye panga lako hawezi kukugeuka, kwa sababu itabidi akutazame usoni siku ya kukurudishia, kabla hamjabadilishana tena. Fundi Njia na yule mwenzake wa upande wa pili walikuwa wamebadilishana hivyo tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. Majina walikuwa wanayajua lakini hawakuyatumia. Walikuwa wanaitana Jirani, halafu wanacheka, maana kutoka mlango wa mmoja hadi mlango wa mwingine kulikuwa na milima mizima.

Kiangazi kile ofisi ilileta msimamizi mpya. Alikuwa kijana wa Fundi Njia mwenyewe, mtoto wake wa pekee, aliyepata nafasi ile baada ya kuhangaika sana na kuwabebea watu mizigo na maneno. Mama yake alilia kwa furaha. Fundi Njia naye alifurahi, kwa namna yake ya kutosema kitu.

Walipanda vizuri mpaka kilele cha mwisho. Pale wakakaa kusubiri. Ukungu ulishuka, maji yakapungua, wafyekaji wakaanza kunung'unika. Wa upande wa pili hawakutokea siku ile, wala kesho yake.

"Tupake tushuke," kijana akasema.

"Tupake nusu yetu?" mmoja akauliza.

"Zote. Nguzo ni nguzo. Rangi yao ni nyeupe na yetu ni nyeupe, nani atajua?"

Fundi Njia alikuwa amekaa ameegemea nguzo ile, panga la waya wa shaba mapajani. "Watakuja," akasema.

"Mzee, ondoka hapo nipake."

"Nimesema watakuja."

"Hapa mimi ndiye msimamizi." Kijana alitazama wafyekaji, akaona wanamtazama, akapandisha sauti. "Nyumbani ni baba. Hapa ni kibarua kama wengine."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Fundi Njia akainuka taratibu, akasogea pembeni. Kijana akazamisha brashi akapaka mwenyewe, upande huu na upande ule, mpaka chini kwenye nyasi.

Rangi ilikuwa bado mbichi waliposikia mianzi ikikatwa chini, upande wa pili. Jirani ndiye aliyetangulia kutokeza, amelowa, shavu limechanika, mkononi ana panga la Fundi Njia linalong'aa kama jipya. Huko chini korongo lilikuwa limeporomoka, wakalazimika kuzunguka. Alikuja anacheka. Halafu akaiona nguzo. Akaizunguka, akagusa upande wake kwa kidole, akakitazama kile kidole cheupe.

"Jirani," akasema. "Hata upande wangu?"

Fundi Njia alifungua mdomo. Kijana wake alikuwa amesimama pale na brashi, uso umemshuka, na ghafla alikuwa yule mtoto aliyevunja chungu. Fundi Njia akaufunga mdomo.

Jirani hakutoa panga wala hakuomba lake. Aligeuka akashuka, na watu wake wakamfuata.

Malalamiko yalifika ofisini kabla upupu haujawatoka mwilini. Upande wa pili walisema kilele chao kimeibwa. Jioni ya kuamkia siku waliyoitwa, mke wa Fundi Njia alimfuata chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, usiseme kitu kesho."

"Sijasema kitu tangu kule juu."

"Kijana ndiyo kwanza ameanza. Wewe umeshafyeka vya kutosha. Wakikufukuza wewe, tutakula. Wakimfukuza yeye, nani atamwajiri tena?"

Fundi Njia alitazama magoti yake, makovu ya miiba juu ya makovu.

Kesho yake mkuu wa ofisi aliuliza nani alipaka. Kijana akatazama sakafu. "Mzee ndiye kiongozi wa wafyekaji," akasema. Hakudanganya. Hakusema kweli pia. Mkuu alimtazama Fundi Njia, akasubiri kidogo, akafunga faili. Mtaani wakapata la kuchekea: mfyekaji ambaye kibarua chake mwenyewe kimeota nyasi.

Aliendelea kunoa. Sasa la kazi halikuwa na kazi, lakini alilinoa, kisha lile jingine. Kijana akija kula alipita mlango wa mbele. Mama yake alimpakulia minofu, akamsogezea maji. Baba na mwana walikula sahani moja bila vidole vyao kugusana.

"Kiangazi hiki tunapanda na vijana watupu," kijana akasema siku moja, mdomo umejaa. "Na upande wa pili wamebadilisha. Yule mzee mwenye panga lako wamemtoa. Eti alichelewa makusudi, kauza kilele."

"Kauza kwa nani?" Fundi Njia akauliza.

"Sijui. Kwako, nadhani." Akacheka. Mama yake naye akacheka kidogo, ili kicheko kisibaki peke yake.

Asubuhi iliyofuata Fundi Njia aliingiza mkono uvunguni, hakukuta kitu. Panga la waya wa shaba alilikuta uani, kando ya makopo ya rangi ya ofisi ambayo kijana alikuwa ameyaleta usiku. Alikuwa amelitumia kufungulia makopo. Makali yamemeguka mahali, pengo kama jino lililong'oka, na rangi nyeupe imegandia mpaka kwenye waya.

"Si panga tu?" mke wake akasema kutoka jikoni. "Alikosa bisibisi. Hakujua."

"Alijua," Fundi Njia akasema. "Amelala chumba kimoja na panga hili tangu anatambaa."

Akakaa kizingitini akanoa. Jua lilipanda, kivuli cha nyumba kikamkimbia, yeye yuko pale pale. Alikwangua rangi kwa ukucha katikati ya waya. Pengo lilipungua ila halikuisha. Halafu akakichukua kisu cha jikoni, akakinoa nacho kikanoleka vizuri kabisa, akakiweka dirishani mahali mke wake angekiona. Panga la waya wa shaba akalifunga kwenye gunia. La kazi akalishika mkononi.

"Chai inapoa," mke wake akasema.

"Ifunike."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita makopo ya rangi bila kuyagusa.

Mke wake alimfunikia chai siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Mwishowe akamtuma kijana na wenzake wawili wakamtafute. Waliikuta njia bila kutafuta: imefyekwa safi, upana wa mabega ya mtu mmoja, mianzi imekatwa chini kabisa isimchome mguu anayekuja nyuma. Ilipanda mpaka kilele cha mwisho, ikaigusa nguzo, ikaendelea kushuka upande wa pili.

Kijana alisimama pale kwenye nguzo aliyoipaka. Aliita mara moja, si kwa nguvu. Mguu hakuunyanyua.

"Umeona nini?" mama yake alimuuliza aliporudi.

"Kichaka tu," akasema, akavuta kigoda, akasubiri kupakuliwa.