Waliobaki Jikoni

Harufu ile ilinipiga usoni kabla sijamwona sungura hata mmoja. Mama mmoja wa Lizaboni alikuwa amenipigia simu asubuhi: mbwa wa jirani ameingia uani, amemrarua sungura mmoja, na wale waliobaki hawagusi majani. Mimi ni afisa mifugo, harufu ya kinyesi nimeizoea. Hii ilikuwa nyingine, kali na chachu, ya mkojo wa mnyama aliyeogopa. Nilisimama mlangoni bila kuingia hadi yule mama akaniuliza kama nimekunywa chai.

Harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka kumi. Namna nilivyoijua nimewahi kumweleza mtu mmoja tu, na leo nawaeleza ninyi.

Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama, pale Matogoro, mimi na mdogo wangu Deusi. Mama alifariki Deusi akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Baba alikuwa Lusewa kwenye mashamba ya tumbaku, na tulimwona Krismasi na Pasaka. Bibi alikuwa na kishamba kidogo cha mahindi, na jikoni kwake alifuga simbilisi, wale wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia, wanaofugwa kwa nyama. Kwetu hawafugwi bandani. Wanakaa sakafuni karibu na moto, wanapita katikati ya miguu ya mpishi, wanakula maganda ya viazi. Bibi aliwaita wapangaji. Akitokea tu kwenye kona ya njia na mzigo wa majani, wao walishaanza kupiga miluzi, kila mmoja na sauti yake, kama kwaya isiyo na mwalimu. Sisi tulijua Bibi amefika kwa kuwasikia wao.

Wakati wa kuchinja, Bibi alikuwa na utaratibu ambao mimi niliuona wa ajabu. Hakumkimbiza mnyama. Alikaa chini, akampa jani, akampapasa mpaka akatulia, kisha akamfunika kwa upindo wa kanga na kutoka naye taratibu. Alishuka naye hadi bondeni, kwenye kijito, na hukohuko akammaliza kwa pigo moja nyuma ya sikio, akamchoma manyoya, akamsafisha. Kabla ya kurudi alinawa kwa majivu hadi viwikoni na kubadili kanga. Akiingia jikoni, kwanza aliwatupia majani waliobaki, akakaa kigodani kuwatazama mpaka waanze kula.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa ajili ya kitoweo. Akasema, "Hawa wanaambiana kwa pua, Skola. Sisi tunaambiana kwa mdomo, tunaweza kudanganyana. Wao hawawezi." Nilicheka. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Mwaka ule kuku wetu wote walikufa kwa kideri, na ilipofika Februari maharage yalikuwa yamekwisha na mahindi bado mabichi. Deusi alianza kuvimba miguu. Nywele zake ziligeuka rangi, zikawa nyepesi na nyekundunyekundu, na ukimbonyeza mguu, shimo la kidole lilibaki. Nesi wa zahanati alimpima, akamwambia Bibi bila kuzunguka kwamba mtoto anahitaji nyama, mayai na maziwa, na kwamba uji mtupu utamuua. Bibi akaitikia.

Tulikuwa na simbilisi kumi na wanne, majike sita wakiwa na mimba. Bibi akapanga kuchinja mmoja kila wiki, mchuzi wake Deusi anywe kidogokidogo kila siku, na wengine waendelee kuzaa. Mpango ukafanya kazi. Baada ya wiki nne Deusi aliweza kusimama akishika mlango, na siku moja alinipora kipande cha nyama mkononi akacheka. Sijawahi kufurahi kuibiwa kama siku ile.

Kisha ukatokea msiba mjini, wa ndugu wa Bibi, na ilibidi alale huko siku mbili. Alituacha chini ya uangalizi wa jirani, akaniagiza niwape wapangaji majani asubuhi na jioni na nisimguse hata mmoja. Siku ya pili mchuzi ukaisha. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, jirani hakuonekana, na Deusi alilia kwa sauti ile ndogo ya mtoto asiye na nguvu ya kulia. Nilimpa uji, akageuza uso. Nikaona nimekuwa mkubwa vya kutosha kuchinja mwenyewe.

Kushuka bondeni kwenye mvua ile sikuweza. Nikafunga mlango wa jiko, nikachukua mchi wa kinu, nikamkamata dume mkubwa, mweupe mgongoni. Pigo la kwanza lilimpata begani.

Sikujua kama kiumbe mdogo vile ana sauti kubwa vile. Alinichomoka, akakimbia katikati ya wenzake, damu na mkojo vikimtoka, nami namfuata na mchi, napiga sakafu, napiga kuni, nalia. Wengine walijirundika pembeni nyuma ya kuni, wakapandana. Ndipo harufu ikajaa jikoni, ile ile, mpaka ikanikaa kooni. Nilipommaliza hatimaye, nilimkwangua manyoya, nikampasua. Halafu nikampika, kwa sababu Deusi alikuwa bado analia.

Deusi alikula, akalala. Nikasugua sakafu kwa maji na majivu, nikazika manyoya, na moyoni nikajisifu kwamba nimemwokoa mdogo wangu.

Asubuhi niliingia na majani. Hakuna aliyepiga mluzi.

Bibi aliporudi jioni nilimpokea mzigo, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku akitazama jikoni. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi puani, mara moja tu. Akawahesabu kwa macho. Nikamwambia mbwa aliingia. Alinitazama, halafu akaweka chini mwavuli na kuanza kazi. Alikwangua udongo wote wa sakafu kwa jembe, akautupa mbali, akasiriba upya, akafukiza majani mabichi. Simbilisi akawahamishia chumbani kwake. Aliwaletea majani ya viazi, akawaletea na mabua machanga ya mahindi aliyoyakata shambani kwetu wenyewe, mahindi ambayo yangekuwa chakula chetu.

Hawakula. Majike waliharibu mimba, mmoja baada ya mwingine. Bibi aliwahi kuchinja watatu, ngozi na mifupa, mchuzi wao ulikuwa maji. Waliobaki tuliwakuta wamekufa asubuhi, na mzoga hauliwi. Wiki mbili hazikuisha, chumba kikawa kimya.

Deusi akaanza kuvimba tena, safari hii na uso. Bibi alimbeba mgongoni hadi hospitali ya mjini. Walikaa siku tano, na siku ya sita walirudi na gari la watu wa jumuiya ya kanisani, Deusi akiwa amefunikwa. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Watu walilia sana siku ile. Bibi sikumwona akilia.

Nilipokuwa chuo cha mifugo, mwalimu alitueleza kwamba wanyama wadogo wakipatwa na hofu hutoa harufu mwilini na kwenye mkojo, na wenzao wakiinusa hofu huwaingia na wao, wakaacha kula, na wenye mimba wakazitoa. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kama Deusi angepona bila kosa langu, sijui hadi leo. Daktari yeyote atawaambia watoto wa aina ile hufa hata nyama ikiwepo. Hilo halijanisaidia.

Likizo ile nilikwenda Matogoro, nikapiga magoti mbele ya Bibi, nikamweleza yote: mchi, mvua, uongo wa mbwa. Alikuwa anachambua mchicha, na hakuacha kuchambua.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mbwa gani anaosha sakafu kwa majivu?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakunipiga, hakunisema, hakuniambia kitu miaka yote ile.

"Nilikuwa nimebaki na wewe tu, Skola. Ningekuambia, na wewe ungeacha kula."

Ndipo nilipoelewa kwa nini, tangu tulipomzika Deusi, Bibi hakuwahi kuinuka mkekani kabla sijamaliza sahani yangu. Nilidhani ananionea choyo cha chakula. Kumbe alikuwa ananitazama kama nitameza, na uchungu wake mwenyewe alikuwa akiulilia hukohuko bondeni, ananawa, ndipo anarudi ndani.