Akaraje Zangu na Chupa ya Mama Furaha

Nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi mbavu zinauma.

Rosana, Mbrazili ninayetunza naye wazee kazini, alinifundisha akaraje: kunde unaziloweka, unazimenya maganda, unazisaga na kitunguu, unapiga rojo kwa mwiko mpaka liumuke, kisha unakaanga kwa mawese. Nikamwambia hizo ni bajia za kunde za kwetu Mombasa, zimehamia ng'ambo tu. Jumamosi nikamwalika kwangu mtaa wa Seven Hills, huku ughaibuni, azionje, na furaha yangu haikuwa na breki.

Rojo liliumuka kama lina hamira. Mawese niliyonunua madukani Bankstown ndiyo yaliyoniangusha, hayakufika hata nusu ya karai. Nikaona chupa ya mafuta juu ya kabati, nikaimimina yote. Akaraje zikaibuka nyekundu, nje kavu, ndani laini kabisa. Rosana alikula ya tano amefumba macho, nami nikajiona bingwa wa Brazili nzima.

Ndipo akabisha hodi Mama Furaha, Mkongo anayeongoza kikundi chetu cha maombi.

"Dada, nimekuja kuchukua ile chupa ya mafuta ya upako nilikuachia. Tumefunga na kuiombea siku tatu. Leo tunaenda kupaka wagonjwa."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikanyoosha kidole kwenye karai.

Mama Furaha akatazama karai, akatazama midomo yetu inavyong'aa, akavuta kiti.

"Basi semeni, kati yenu nani anaumwa?"